Kambale Tuliyempeleka Uskoti

Ndugu zangu, Jumamosi tatu mfululizo pale kwa kinyozi mmeniuliza swali moja: mlikwenda wawili, imekuwaje ukarudi peke yako? Nami nimewajibu kwamba Mzee Ramnik alichoka, akaona apande treni. Ni kweli alipanda treni. Lakini hicho ni kipande tu cha ukweli, na mimi nimekula vipande vya ukweli kwa miaka minne, sasa vimenikaba.

Kwa mdomo siwezi. Nikianza kusimulia mbele yenu nitatia mzaha, mtacheka, na habari itaishia hapo. Ndiyo maana naandika. Mambo ya vibali, bima na kupiga simu huku na huko nayaruka. Naanzia pale mlango wa gereji ulipofunguliwa.

Gereji ya Harrow

Kwa wasiomfahamu: Ramnik alizaliwa Musoma kama mimi, ila alinitangulia miaka ishirini. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Tulijuana hapa London, miaka ya tisini ikiwa bado mibichi, nilipompelekea kabati kwa vani yangu. Kabati lilinielemea mlangoni nikapiga kelele, "Mama yangu wee!" Mwenye nyumba badala ya kunisaidia akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "Wewe mtu wa wapi?" Tangu hapo mimi namwita Bhai, yaani kaka kwa Kihindi, yeye ananiita Magesa, na kila Jumapili baada ya ibada nilitoka kwangu Thornton Heath nikaenda kwake Harrow kumsaidia kazi ya samaki.

Alikuwa akifuga kambale wa Amerika. Hawana magamba, kama kambale wa ziwani kwetu, ila mkia wao umepasuka kama wa mbayuwayu, nao hukua wakawa wakubwa sana. Gerejini alikuwa na jozi ya kambale wa madoa, jike na dume, na dume mmoja wa aina nyingine, wa buluu, ambaye alimpata akiwa na urefu wa kidole na kumlea miaka kumi na tano. Huyo tulimwita Buluu tu. Alikuwa akila mkononi mwa Bhai.

Aina hizo mbili ukiziweka pamoja hazitakani. Lakini ukichukua mayai ya jike la madoa na mbegu ya dume la buluu, mtoto anayezaliwa hukua upesi kuliko wazazi wote wawili. Amerika wanafanya kazi hiyo kwenye mabwawa. Bhai alitaka kuifanya Harrow, kando ya mashine ya kufulia. Alijaribu miaka saba. Jike ukimchoma sindano ya dawa, mayai unaweza kuyakamua. Tatizo ni dume la buluu. Mbegu yake haikamuliki. Lazima umuue, umpasue, uitoe.

Sasa katika nyumba ile hata yai halikaangwi. Bhai alikuwa hajaua kitu maishani mwake. Siku ilipofika nilimwambia, "Bhai, niachie mimi. Mimi mtu wa Musoma, nimeua samaki tangu utoto."

"Hata mimi mtu wa Musoma," akasema. "Si haki nikubebeshe wewe dhambi yangu."

Akamuua mwenyewe. Mkewe, Mama Hitesh, hakusema naye kwa siku tatu. Siku ya nne, kifua kikamshika Bhai hapo hapo gerejini, gari la wagonjwa likaja. Amelazwa kwenye machela, barakoa ya hewa usoni, akaisogeza kwa kidole akaniambia, "Mayai, Magesa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya safari. Asubuhi ya safari, mwezi wa tano, tulikuwa tunamtoa kwenye tangi samaki aliyebaki peke yake katika kizazi kile. Bhai alimwita Rani, yaani malkia. Urefu wake ni mkono wangu mzima. Tulimviringisha kwenye shuka lililolowa, na mwiba wa ubavuni mwake ukanitoboa kiganja, tukamtia kwenye pipa kubwa la plastiki ndani ya vani, wavu juu, pampu ya hewa ikaendeshwa na betri ya gari. Mama Hitesh alitoka na mfuko wa chapati za uwatu na chupa ya achari.

"Magesa, mwangalie huyu," akaniambia. "Dawa za moyo ziko mfuko wa kushoto wa begi lake. Na akianza kusimulia watu habari za samaki, mvute shati."

Tulikuwa tunakwenda Uskoti, kwa mzee mmoja aitwaye Colin, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mabwawa ya kambale kusini mwa Amerika. Yeye na Bhai walikuwa wakiandikiana barua. Colin alikuwa na mabwawa ya maji vuguvugu ndani ya nyumba ya vioo, naye alikubali kumpokea Rani, kwa kuwa afya ya Bhai haikumruhusu tena kubeba ndoo. Ila kwanza angempima, athibitishe kwamba kweli ni mchanganyiko.

Barabara kuu ya kaskazini

Tulipovuka Luton Bhai alikuwa anaimba. Tulipofika kituo cha kwanza cha kupumzikia nilikwenda kununua mkate wenye soseji, niliporudi nikamkuta amefungua mlango wa nyuma wa vani na dereva mmoja wa lori ameingiza kichwa ndani.

"Baba yake alikuwa wa buluu," Bhai alikuwa anamwambia. "Mama wa madoa. Na mimi wakati wanaanguliwa nilikuwa nimepasuliwa kifua. Aliyewalea ni huyu hapa."

Yule dereva akanipa mkono. "Hongera sana," akasema. Nikaupokea mkono wake nikiwa na soseji mdomoni. Sikumvuta Bhai shati. Nilirudi kwenye usukani nikasema twende, tutachelewa.

Baada ya Birmingham alilala, kichwa kwenye dirisha. Basi, wakati amelala, niwaambie ninyi.

Watoto wa samaki walianguliwa. Niliwaona kwa macho yangu. Nilikwenda Harrow kila siku baada ya kazi, na kila jioni nilipita hospitali kumpa Bhai habari. Kisha siku ya kumi na mbili tangu kukamua mayai, rafiki yangu mmoja wa Stratford alikuwa anabatiza mtoto. Palikuwa na pilau, palikuwa na muziki, nikajiambia siku moja haiui mtu. Kesho yake nilipofungua gereji nilisikia kimya. Fyuzi ya pampu ilikuwa imeungua. Wote walikuwa wamelala chini ya maji kama pumba za mchele.

Mama Hitesh alishinda hospitali, gerejini haingii. Hakuna aliyeniona. Niliwamwaga chooni nikavuta maji.

Siku ile ile Bhai aliniuliza, "Wanaendeleaje?" Alikuwa na mirija puani. Daktari alikuwa ameonya asishtushwe. Nikasema, "Wanaendelea vizuri." Nilisema hivyo wiki tano, huku nikipunguza idadi yao kidogo kidogo. Alipokaribia kurudishwa nyumbani, nilikwenda duka la samaki wa mapambo kule upande wa Croydon nikanunua vijana sita wa kambale wa madoa, wale wanaouzwa kwa kila mtu, nikawatia kwenye tangi.

Bhai aliingia gerejini akishikiliwa na mwanawe. Aliwatazama muda mrefu. "Wana madoa," akasema. Kisha akacheka, machozi yanamtoka. "Damu ya mama imeshinda!"

Nilijiambia nitamwambia akipata nguvu. Alipata nguvu. Watano walikufa mmoja mmoja katika miaka ile, na kila alipokufa mmoja nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Rani hakufa. Alinenepa.

Mlima wa Shap

Vani yangu mnaijua. Kwenye mwinuko wa Shap, kaskazini kabisa mwa Uingereza, ilianza kutoa mvuke. Nikasimama pembeni. Rejeta ilikuwa imekauka. Maji yote tuliyokuwa nayo yalikuwa ya Rani, yamekaa siku nzima kwenye madumu ili dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba itoke.

"Haya tusiyaguse," Bhai akasema. "Naona nyumba pale. Naenda kuomba."

"Kaa, Bhai, niende mimi."

"Wewe baki na Rani. Wewe ndiye unayemwelewa."

Akashuka na ndoo, mzee wa miaka sitini na kitu, kwenye upepo ule, akapita geti la kondoo. Nikabaki na samaki.

Hili ndilo ninaloonea aibu kuliko yote, kuliko hata wale waliokufa, kwa sababu wale waliuawa na uzembe. Nilisimama nikatazama waya wa pampu. Nikawaza: samaki akifa hapa, hakuna wa kumpima. Tutalia pamoja, tutamzika pembeni ya barabara, tutarudi nyumbani, na Bhai atakufa siku yake akiamini. Nikauchomoa waya.

Sauti ya mapovu ilikatika. Nilikaa kwenye ubao wa vani nikasikiliza magari yanavyopita. Baada ya muda Rani alipanda juu, akatoa mdomo nje ya maji, akawa anafungua na kufunga, sharubu zimelala majini. Nikageuza uso. Nilipougeuza ndipo nilipomwona Bhai anateremka na ndoo. Anatembea hatua tano, anaiweka chini, anashika kifua, anaibeba tena. Nyuma yake mwanamke mwenye buti za mpira anamkimbilia na ndoo ya pili.

Nikauchomeka waya. Mapovu yakarudi.

"Vipi hali yake?" Bhai akauliza kabla hata hajafika.

"Mzima," nikasema.

Yule mwanamke alitutilia maji kwenye rejeta mwenyewe, akatupa na keki iliyofungwa kwenye karatasi. Bhai akamuuliza kama ina mayai. Akasema ndiyo, tena mayai mengi, kwa fahari. Bhai akamshukuru sana, na tulipoondoka akaniwekea mapajani. Nikaiweka nyuma ya kiti, sikuila.

Nyumba ya kulala, mpakani

Jioni tulifika nyumba ya kulala wageni, tukiwa tumeshavuka mpaka wa Uskoti. Bhai alikuwa amempigia simu mama mwenye nyumba siku mbili kabla, akamwambia tunakuja watatu. Mlangoni mama yule alitutazama, akatazama nyuma yetu.

"Na wa tatu yuko wapi?"

"Atalala kwenye gari," Bhai akasema. "Amezoea."

Mama akachukua ufunguo. Alituonyesha chumba bila tabasamu. Tulikuwa tunavua viatu tuliposikia mlango wa nje, tukachungulia dirishani, tukamwona anakwenda kwenye vani na blanketi na bakuli la supu. Akagonga kioo. "Mpenzi, usiogope," alikuwa anasema. "Toka uingie ndani. Hawawezi kukufanyia hivi."

Bhai aliteremka ngazi na soksi. Alipofungua mlango wa vani na kuinua wavu, mama yule alipiga kelele, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye changarawe na supu yake. Sasa alikuwa rafiki yetu. Alitukaribisha jikoni, akamkaangia Bhai viazi kwa mafuta mapya kabisa alipojua hali nyama. Nami nikapewa samaki wa kukaanga, nikamla huku Bhai anasimulia.

Alisimulia yote. Buluu alivyokula mkononi. Alivyomuua. Hapo sauti yake ilishuka, na mama yule akaacha kuosha vyombo. "Niliposhika kisu nilimwambia, utaishi ndani ya watoto wako. Ni upuuzi, najua. Lakini nilimwambia. Kisha moyo ukanigeuka. Ningekuwa sina huyu ndugu yangu, Buluu angekufa bure."

Mama mwenye nyumba alifuta mikono, akaja akanibusu shavuni.

Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na nafasi pale, na kwenye ngazi, na chumbani alipokuwa anahesabu vidonge vyake kitandani. Aliniuliza, "Mbona kimya, Magesa?" Nikamwambia samaki ana miba.

Kwa Colin

Siku ya pili tulipita Stirling na Perth, tukapanda vilima vyenye kondoo na mawe, na saa nane mchana tukaikuta nyumba ya vioo. Colin ni mtu mrefu, mikono mikubwa, maneno machache. Alimwangalia Rani ndani ya pipa akapiga mluzi. Kisha akajaza beseni pana maji ya kimo cha kiganja, akalowesha mikono, akamhamisha kama anayehamisha mtoto mchanga. Akamlaza ubavu.

Chini ya samaki huyu, kuelekea mkia, kuna pezi refu lenye vijiti laini ndani yake. Hapo ndipo siri ilipo. Wa madoa ana vijiti vichache na ukingo wa pezi umepinda. Wa buluu anavyo vingi na ukingo umenyooka kama rula. Mchanganyiko yuko katikati. Bhai aliwahi kujaribu kuvihesabu kupitia kioo cha tangi, akapata kila mara idadi aliyoitaka.

Colin alihesabu kwa njiti ya kiberiti. "Ishirini na sita."

"Hesabu tena, tafadhali," Bhai akasema.

Akahesabu tena, polepole, kwa sauti. "Ishirini na sita. Na tazama ukingo, umepinda kama kucha. Huyu ni madoa mtupu, rafiki yangu. Mzuri, ana afya. Lakini madoa mtupu."

"Haiwezekani. Mayai nilikamua mwenyewe."

"Ulikuwa na dume la madoa kwenye tangi lile lile?"

"Nilikuwa naye."

"Basi labda mbegu yake ilikuwa majini, ikatangulia. Hutokea hata kwa wataalamu."

Bhai alikubali kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelezwa njia. Akamshukuru Colin. Akasema anasikitika kumpotezea muda. Colin naye akasema kwamba mabwawa yake ya madoa yamejaa, nafasi aliyoiweka ilikuwa ya mchanganyiko, anaomba radhi. Ndipo Bhai alipoketi kwenye ukingo wa bwawa, akanigeukia, akasema kwa Kiswahili:

"Basi nilimuua bure, Magesa. Miaka kumi na tano ananilia mkononi, nikamuua bure."

Nikapiga magoti kwenye saruji iliyolowa.

"Hukumuua bure, Bhai. Watoto wake walianguliwa. Walikuwa wazima. Niliwaua mimi."

Hakuelewa. Alinitazama kama nimesema kwa lugha nyingine.

"Sikuja siku moja. Pampu ilizima. Niliwakuta wamekufa."

"Na huyu?" Akanyoosha kidole kwenye beseni. "Huyu ni nani?"

"Nilimnunua dukani."

Colin alikuwa anatutazama kwa zamu. Hakujua neno hata moja, ila aliona mzee anatetemeka mdomo na mtu mzima amepiga magoti analia. Akavua kofia. "Poleni sana kwa msiba," akasema. Hatukumsahihisha.

Bhai alikaa pale kwa muda ambao Colin alitumia kumrudisha Rani kwenye pipa. Kisha akasimama, akamuuliza kwa Kiingereza chake safi kama stesheni ya treni iko mbali, na kama angeweza kumsumbua ampeleke. Alichukua begi lake lenye dawa. Nilimfuata mpaka kwenye gari la Colin.

"Bhai, nisamehe. Na Rani je?"

Alifunga mkanda kwanza. "Samaki ni wako, Magesa," akasema. "Ulimnunua wewe."

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Nilisimama kila baada ya saa moja kutazama pampu. Sikupita kwa mama mwenye nyumba, nilikwepa ile barabara kabisa ili asiniulize. Mfuko wa chapati za uwatu ulikuwa umebaki kwenye kiti cha Bhai. Nilipofika Shap njaa ilinishinda nikazila zote, moja baada ya nyingine, natafuna kama mwizi jikoni kwa watu.

Nyumbani tulimtia Rani bafuni. Binti yangu alinifokea kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yeye hataoga na samaki. Kwa siku tisa familia yangu ilioga kwa beseni mpaka nilipomaliza kujenga tangi kwenye kibanda cha bustani. Mke wangu, Bhoke, nilimwambia yote usiku ule wa kwanza. Alinisikiliza akiwa amesimama. "Miaka minne," akasema, "nimekuwa nikiwapelekea watu hawa maandazi kila Krismasi, na wewe unanitazama tu."

Nilimpigia simu Bhai. Mama Hitesh alipokea, akasema amelala. Nikapiga tena, amelala. Ninyi mkaniuliza kwa kinyozi, nikasema alichoka.

Thornton Heath hadi Harrow

Siku ya kumi na tisa simu ililia. Mama Hitesh: "Njoo Jumapili. Usilete kitu."

Nilipanda treni ya Victoria, nikabadilisha mara mbili, na kwenye behewa la kwenda Harrow nilifanya mazoezi ya maneno ya kuomba msamaha mpaka mama mmoja akahama kiti. Mlangoni nilisema, "Shikamoo, Mama Hitesh." Akasema, "Marahaba," akanionyesha mahali pa kuvua viatu, kisha akanionyesha gereji. Chai hakunipa.

Matangi yalikuwa matupu na yamesuguliwa. Bhai alikuwa ameketi kwenye meza ndogo, miwani puani, mbele yake daftari jipya. Alikuwa amekonda. Nilifungua mdomo kuanza yale maneno yangu, akainua mkono.

"Hayo weka," akasema. "Nimekuita kazi. Mimi nilikuwa hospitali, aliyewaona ni wewe peke yako. Yale uliyoniambia kitandani siyahesabu, sijui lipi lilikuwa la kweli. Kaa. Anza siku walipoanguliwa."

Nikakaa. "Ilikuwa siku ya sita," nikasema. "Nilipita asubuhi kabla ya kazi, mayai machache yalikuwa yanatikisika. Jioni walikuwa wametoka."

"Wengi?"

"Karibu wote. Mayai yaliyooza niliyatoa kama ulivyonifundisha, hayakujaza kikombe."

"Rangi?"

"Waridi. Wamekusanyika pembeni chini, kama fundo la uzi, na vifuko vyao vya manjano tumboni."

Aliandika. Aliuliza joto la maji, nikamwambia ninalolikumbuka, na nisilolikumbuka nikasema silikumbuki, naye akaacha nafasi tupu. Siku ya saba. Siku ya nane. Siku ya tisa walianza kuwa kijivu. Siku ya kumi nilimulika tochi nikaona mikia imeanza kupasuka katikati.

"Ya kumi na moja?"

"Ya kumi na moja walipanda juu, Bhai. Wote kwa pamoja, kama moshi. Nilinyunyizia ule unga ulioutwanga mwenyewe, wakala mpaka naona matumbo yao yamekuwa kama punje za ulezi. Nilibaki hapa saa mbili nawatazama tu. Nilitamani ungekuwepo."

Kalamu ilisimama. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akakaa hivyo bila kuivaa, anatazama tangi lililokuwa lao. "Walipanda juu," akasema. "Wakala."

"Walikula."

Akavaa miwani. "Siku ya kumi na mbili."

"Siku ya kumi na mbili sikuja. Nilikuwa Stratford, kwenye sherehe."

Akaandika. Meza ilikuwa ndogo, niliweza kusoma kutoka upande wangu: *Siku ya 12. Magesa hakuja.* Hakuongeza kitu. Akafungua ukurasa mpya, akaulaza kwa kiganja, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Uskoti.

"Siku ya kumi na tatu," akasema.

Nikamwambia.